Somo la Kiingereza: Neno "Drag" na Ndugu Zake

Maksai wawili wamefungwa nira moja. Asubuhi wanavuta gari lenye magurudumu, lililojaa magunia ya mahindi, kulipeleka sokoni. Jioni, wakiwa katika nira ile ile, wanavuta gogo la mti kutoka ukingo wa mto hadi nyumbani kwa mwenyewe. Msemaji wa Kiswahili aweza kusema kwamba mara zote mbili maksai "walivuta", wala hakuna atakayemlaumu. Lakini Mwingereza akiisimulia habari hiyo hatatumia neno moja. Juu ya gari atasema, "The oxen drew the cart." Juu ya gogo atasema, "The oxen dragged the log." Maksai ni wale wale na njia ni ile ile, kilichobadilika ni jinsi kitu kinavyokwenda juu ya ardhi.

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hulijua neno "drag" kwa maana moja tu, yaani kuvuta, kisha huliweka mahali po pote penye kuvuta. Hapo ndipo makosa huanza. Makosa mengine ni ya kuchekesha tu, lakini mengine yana madhara. Neno moja lisilokaa mahali pake laweza kumfanya mtu mwema aonekane mkatili mbele ya hakimu, kama itakavyoonyeshwa katika sehemu ya mwisho ya somo hili.

MAANA YAKE YA ASILI

Neno "drag" lina alama tatu. Kwanza, kitu kinachovutwa ni kizito, au kinakataa kwenda. Pili, kitu hicho kimelala chini, nacho kinasugua ardhi au sakafu. Tatu, kwa sababu ya hayo mawili, mwendo wake ni wa polepole na wa taabu. Alama hizi zikiwapo, neno "drag" limepata mahali pake.

Katika Kiswahili kuna maneno mawili yanayolikaribia, kuburuta na kukokota. Kuburuta ni kuvuta kitu huku kikisugua chini, na hilo ndilo lililo karibu zaidi na "drag". Kukokota ni kuvuta kitu kizito polepole na kwa nguvu, hata kama kitu chenyewe kina magurudumu. Ndiyo sababu gari la mkono linaloonekana katika barabara za mijini huitwa mkokoteni, na plau huitwa jembe la kukokotwa na ng'ombe. Basi mwanafunzi asidhani kwamba kukokota na "drag" ni mamoja kila mahali. Mkokoteni hukokotwa, lakini maadamu magurudumu yake yanazunguka vizuri, Mwingereza atasema "pull" au "draw". Gurudumu moja likivunjika, na upande mmoja wa mkokoteni ukaanza kukwaruza barabara, hapo ndipo atakaposema, "He dragged the broken cart to the side of the road."

Mkulima pia ana sababu ya kulifahamu neno hili. Akisoma katika kitabu cha kilimo maneno haya, "Do not drag the plough along the path," asifikiri kwamba amekatazwa kulitumia jembe lake. Maana yake ni kwamba asiliburute njiani akilitoa nyumbani kwenda shambani. Jembe linaloburutwa kila siku katika njia ya mteremko huchora mfereji mdogo. Mvua inyeshapo, maji huufuata mfereji huo. Na baada ya misimu michache mfereji huwa korongo, na udongo mzuri umekwisha kwenda mtoni. Vivyo hivyo hamali akiona sandukuni maneno "Lift, do not drag," ajue kwamba ameagizwa kuliinua sanduku, si kuliburuta sakafuni.

Lakini kuna wakati ambapo "drag" ni tendo la wema. Mtu akizirai ndani ya nyumba inayowaka moto, na mwokozi yuko peke yake, wala hana nguvu za kumbeba, yafaa amshike kwapani au kwa nguo za mabegani, amburute akiwa amenyoka mpaka mahali pa salama. Kwa Kiingereza jambo hilo huelezwa hivi: "Drag him clear of the fire."

UKOO WA NENO HILI

Maneno "drag" na "draw" ni ndugu wa ukoo mmoja. "Draw" latokana na neno la Kiingereza cha kale, dragan, ambalo maana yake ilikuwa kuvuta. "Drag" ni la asili hiyo hiyo, nalo lafanana na draga, neno la watu wa Skandinavia waliofika Uingereza na kukaa huko zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ndugu hawa wawili waligawana kazi: "draw" alichukua kuvuta kwa utaratibu, na "drag" akachukua kuvuta kwa taabu.

Msomaji atapendezwa kujua kwamba baadhi ya maneno anayoyatumia kila siku katika Kiswahili yalizaliwa na kazi hii ya kuvuta. Treni ni neno la Kiingereza "train", lililotoka katika neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya kuvuta au kuburuta. Ndiyo sababu hata upindo mrefu wa gauni la bibi arusi, unaoburuta nyuma yake kanisani, huitwa "train". Trela ni "trailer", kitu kinachofuata nyuma kwa kuvutwa. Trekta ni "tractor", kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kuvuta. Hivyo treni, trela, trekta na mkokoteni, ingawa zatofautiana sana kwa nguvu na kwa bei, zimepewa majina kwa kazi moja.

NDUGU ZA "DRAG" NA KAZI ZAO

"Pull" ni neno la jumla kuliko yote. Halisemi kama kitu ni kizito au chepesi, wala kama kinasugua chini au hakisugui. Neno hili likiandikwa mlangoni, mtu avute. Kinyume chake ni "push", yaani asukume. Mwanafunzi mwenye shaka atumie "pull", naye hatakosea sana.

"Draw" ni kuvuta kwa utaratibu na bila vurugu. Farasi "draw" gari. Mtu "draws" pazia, au maji kisimani, au fedha zake benki. Mtoto wa meza, lile sanduku dogo linalovutwa ili kufunguliwa, huitwa "drawer". Hata kuchora picha huitwa "draw", kwa kuwa kalamu huvutwa juu ya karatasi. Wakati uliopita ni "drew", na baada ya "have" au "has" husemwa "drawn". Kuandika "drawed" ni kosa.

"Haul" ni kuvuta mzigo mkubwa, mara nyingi kwa mwendo mrefu, kwa kamba au kwa nguvu za mashine. Wavuvi wakivuta wavu uliojaa samaki, husemwa, "They hauled in the net." Mfano mkubwa wa neno hili katika Afrika ya Mashariki ni reli. Injini za mvuke za namna ya Garratt, za daraja la 59, zilizojengwa Manchester, zilianza kazi mwaka 1955. Zilikuwa 34, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250, nazo zilipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Zilivuta treni ndefu za mizigo kutoka Mombasa, ufukoni mwa bahari, mpaka Nairobi, mahali palipo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Juu ya kazi ile husemwa, "The engine hauled the goods train up to Nairobi." Mtu akisema "dragged" hapo, msikiaji atafikiri kwamba mabehewa yaliacha reli yakaburutwa juu ya mawe. Kutokana na neno hili, biashara ya kuchukua mizigo kwa malori huitwa "haulage".

"Tow" ni kukivuta chombo kwa chombo kingine, kwa kamba, mnyororo au chuma. Motokaa iliyoharibika njiani hufanyiwa "tow" mpaka kwa fundi. Mashua isiyo na upepo hufanyiwa "tow" na chombo chenye injini. Mtu akiwa ameegesha motokaa mahali penye tangazo la kwamba magari yatafanyiwa "tow", na ahesabu kwamba huenda asiikute atakaporudi.

"Tug" ni kuvuta kwa ghafula, mara moja au mara kwa mara, kama mtoto avutavyo kanga ya mama yake akitaka asikilizwe. Mchezo wa kuvuta kamba, unaochezwa shuleni na katika sherehe, huitwa "tug of war". Na zile meli ndogo zenye nguvu nyingi, zinazosaidia meli kubwa kuingia na kutoka bandari ya Kilindini, huitwa "tugs".

"Trail" ni kitu chepesi kuburura nyuma bila nguvu, pengine bila hata mwenyewe kujua. "The rope trailed in the water," maana yake kamba ilifuata nyuma majini, imelegea.

"Lug" ni kuchukua au kuvuta kitu kizito kwa mikono, kwa shida na kwa kuchoka. Msafiri asiyepata hamali "lugs" sanduku lake mpaka stesheni.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua neno, mwanafunzi na ajiulize maswali matatu. Je, kitu kinasugua chini? Je, kinavutwa na nini: mkono, kamba, mnyama au mashine? Je, mvuto ni wa taratibu, wa ghafula, au wa taabu? Akiisha kujibu, neno lenyewe litajitokeza.

MATUMIZI YA KILA SIKU

Waingereza wamelichukua neno "drag" kutoka ardhini wakalitia katika mambo yasiyoshikika kwa mkono. Hata hivyo, ukitazama vizuri, utaona kwamba zile alama tatu bado zimo.

"Time drags" husemwa wakati saa haziendi, kama vile mgonjwa anavyoona usiku kuwa mrefu. "The meeting dragged on until sunset," maana yake mkutano uliendelea mpaka jua kuchwa, na watu walikuwa wamechoka nao.

"To drag one's feet" ni kukokota miguu. Mtoto anayepelekwa shule asiyoipenda hufanya hivyo kwa miguu yake mwenyewe. Lakini kamati pia huweza kufanya hivyo bila kuondoka vitini. "The committee is dragging its feet over the new road," maana yake kamati inachelewesha kwa makusudi habari ya barabara mpya. Hili ni neno la lawama, na mwandishi wa barua asilitumie isipokuwa amekusudia kulaumu. Kama jambo limechelewa kwa sababu ya mvua au kwa kukosa fedha, na aseme "delayed".

"To drag a person into a quarrel" ni kumtia mtu katika ugomvi usio wake. "To drag the truth out of him" ni kumtoa mtu ukweli kwa shida, neno baada ya neno. "To drag a man's name through the mud" ni kuliharibia sifa jina lake; Waswahili nao husema kumpaka mtu matope.

Baharini, maneno "The anchor is dragging" ni onyo kubwa. Maana yake nanga haikushika chini, bali inaburutwa juu ya mchanga, na chombo kinachukuliwa na upepo au mkondo kuelekea mwambani. Baharia akiyasikia maneno hayo usiku hangoji kuulizia sarufi.

Angani, "drag" ni jina la nguvu ya hewa inayoizuia ndege isiende mbele. Hakuna ardhi huko, lakini hewa yenyewe inasugua na kupinga. Mpanda baiskeli anayekwenda kinyume cha upepo aijua nguvu hiyo vema. Akiinama huipunguza, na kwa sababu hiyo hiyo mafundi huzichonga ndege ziwe nyembamba mbele na laini pande zote.

Katika kompyuta na simu za siku hizi pia, mtu huweka kidole juu ya picha, akaisogeza bila kuinua kidole mpaka mahali pengine. Hilo nalo huitwa "drag", na waliozifasiri mashine hizo kwa Kiswahili wamechagua neno zuri, buruta.

Mwisho, kuna maneno ya mitaani. "A drag on a cigarette" ni kuvuta moshi wa sigara mara moja. "What a drag!" ni kulalamika kwamba jambo linachosha. Maneno haya husemwa baina ya marafiki; hayafai katika barua ya kuomba kazi wala mbele ya mkubwa.

TAHAJIA NA SAUTI

Katika wakati uliopita herufi "g" huandikwa mara mbili: "dragged". Hali kadhalika "dragging". Mtu asiandike "draged".

Jambo la kuangaliwa zaidi ni sauti. Katika Kiingereza kuna neno jingine, "drug", maana yake dawa, na pengine dawa ya kulevya. Sikio lililozoea Kiswahili husikia maneno haya mawili kama moja, kwa sababu Kiswahili kina "a" moja tu. Sauti ya "drug" iko karibu na "a" fupi ya Kiswahili. Katika "drag" kinywa hupanuliwa zaidi, na sauti huegemea kidogo upande wa "e". Tofauti ni ndogo kwa ulimi, lakini ni kubwa kwa maana: "They dragged him" ni walimburuta, na "They drugged him" ni walimlevya kwa dawa. Mwanafunzi na ayatamke mara nyingi, moja baada ya jingine, mpaka mwenzake aweze kuyatofautisha akiwa amefumba macho.

NENO MBELE YA HAKIMU

Tuseme mvulana ameteleza akaanguka mtoni. Jirani amshika mkono, amvuta mpaka ukingoni, kisha amwongoza kwa mkono hadi nyumbani kwa baba yake. Baada ya miezi michache nyumba hizo mbili zagombana juu ya mpaka wa shamba, na habari za mtoni zatajwa tena. Jirani aeleza kwa Kiswahili kwamba alimvuta mtoto, akampeleka kwao. Karani, anayeandika kwa Kiingereza, aandika hivi: "He dragged the boy out of the river and dragged him to his father's house."

"Dragged" ya kwanza yaweza kusamehewa, kwa kuwa mwili uliolowa maji ni mzito, na ukingo ni wa matope. Lakini ya pili imeharibu yote. Mtu anayeweza kutembea akiburutwa, maana yake ni kwamba amelazimishwa. Hakimu asomaye maneno hayo atauliza: kwa nini mtoto aliburutwa? Alikuwa anapigana? Aliumizwa? Na jirani, aliyefanya wema, atasimama akijitetea kwa kosa ambalo hakulifanya. Maandishi ya haki yangalikuwa haya: "He pulled the boy out of the river and led him to his father's house." Karani hakuwa na nia mbaya, alikuwa na neno moja tu la kuvuta.

Na kinyume chake ni kosa vile vile. Kama mwanamke alitolewa nyumbani mwake kwa kushikwa nywele, na magoti yake yakachubuka njiani, karani asiandike "led", wala "took", kwa kutaka kupunguza ukali wa maneno. Hapo "dragged" ndilo neno la kweli, na kuliacha ni kumnyima mwanamke yule ushahidi wake.

Kwa hiyo yafaa mtu ye yote anayetoa maelezo yake aombe kusomewa yaliyoandikwa, katika lugha anayoifahamu, kabla ya kutia sahihi au kidole gumba. Naye mwandishi asione aibu kuuliza: "Alitembea kwa miguu yake, au aliburutwa?" Swali hilo ni fupi, nalo laweza kuzuia taabu ya miaka mingi.

MAZOEZI

Msomaji na ajaze nafasi kwa kuchagua katika maneno haya: dragged, drew, hauled, towed, tugged, trailed, lugged. Neno moja litatumika mara mbili.

1. The lorry broke down near Voi, and another lorry ...... it to the garage.
2. The women ...... water from the well.
3. The sack was too heavy to lift, so he ...... it across the floor of the store.
4. The child ...... at his mother's dress.
5. The engine ...... thirty wagons up the hill.
6. The case ...... on for two years.
7. The loose rope ...... behind the boat.
8. He ...... his heavy box up the stairs by himself.

Majibu: (1) towed, kwa kuwa lori limevutwa na lori, (2) drew, kwa kuwa ni maji ya kisimani, (3) dragged, kwa kuwa gunia linasugua sakafu, (4) tugged, kwa kuwa ni mvuto wa ghafula, (5) hauled, kwa kuwa ni mzigo mkubwa na nguvu za mashine, (6) dragged, kwa kuwa kesi imekwenda polepole na kwa kuchosha, (7) trailed, kwa kuwa kamba imelegea, (8) lugged, kwa kuwa ni taabu ya mikono.

Aliyepata sita au zaidi amefanya vema. Aliyepata chini ya hizo na arudie sehemu ya ndugu za "drag", ajaribu tena kesho. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Na gogo la lugha ngeni nalo halimalizwi kwa siku moja, bali kwa kubandua neno moja leo, na jingine kesho.